Mkwe Wangu na Matairi Yake

Posa ya binti yangu wa tatu ilikuja kwa gari la mbio. Jekundu, milango miwili, limelala chini hata kuku wangu, waliozoea kujificha jua chini ya malori, walilizunguka wakakosa pa kuingilia. Mbele lilikuwa na viti viwili vya maana. Nyuma kilikuwepo kikalio cha kumkalisha mtoto, au mtu aliyekosana na magoti yake. Mimi sikulipenda. Binti yangu alimpenda mwenye gari. Basi, tukapokea posa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Hapo kabla tulipanga foleni ya sabuni kuanzia alfajiri, na ukirudi na kipande ulionekana umetoka vitani. Mara milango ikafunguliwa, vitu vikamwagika: mitumba, redio, vyombo vya plastiki vya kila rangi, na magari yaliyochoka huko kwa Wajapani yakapitia Dubai yakaja kumalizia uzee wao kwetu. Wakaja na wanunuzi wa kamba. Kamba wale wale wa deltani tuliokuwa tukiwala na ubwabwa mpaka tunawachoka, sasa wakawa chakula cha watu wa hoteli, wakatafutwa kwa barafu na mizani.

Mkwe wangu akaingia humo. Alikuwa akiwachukua kamba Nyamisati kwenye masanduku ya barafu na kuwakimbiza Dar es Salaam. Hesabu yake ilikuwa hii: kamba wanaoza, barafu inayeyuka, kwa hiyo linatakiwa gari linalokimbia. Mtu mwingine angenunua pikapu. Yeye alinunua gari lililotengenezwa kushindana na wenzake kwenye lami iliyonyooka kama meza, akalijaza maji ya barafu na kamba, akaliingiza kwenye mchanga na mashimo ya njia ya Nyamisati. Na alikuwa akijisifu! Barazani utamsikia, "Mimi barafu yangu inafika Dar ina kona zake nne." Mkwe hajibiwi.

Hapa nieleze, maana wajukuu wangu siku hizi wanakula sahani moja na wakwe zao na kuwatania. Sisi kwetu mama mkwe na mkwe ni watu wa kuheshimiana kwa mbali. Ukimwona anakuja njiani unapita kando na kuvuta khanga usoni. Humwangalii machoni, humwiti, humtumi, humkosoi. Ukiwa na neno unampa mtu wa katikati amfikishie. Ni adabu nzuri sana pale mkwe anapokuwa na akili.

Ndoa ilikuwa haijatimiza mwaka. Siku moja asubuhi nasikia gari linanguruma uani. Binti yangu akashuka na sanduku lake la bati. Mkwe wangu akazunguka nyuma, akafungua buti, akatoa tairi. Akalibiringisha mbele ya majirani waliokwisha kusogea, akaliegemeza kwenye ukuta wangu, kisha akasimama kanipa mgongo kama inavyotakiwa.

"Mwambie mama," akamwambia mke wake, "nimekuleta upumzike."

"Anasema nimeletwa nipumzike," binti akaniambia. Macho makavu. Yule hakuwahi kulia mbele ya watu tangu akiwa mtoto.

"Muulize kupumzika huko kunatokana na uchovu gani."

"Mwambie mama aangalie tairi."

Nikaliangalia. Kwa nje lilikuwa zima, maua yake yamesimama vizuri. Nikalizungusha. Upande wa ndani, ule unaotazama uvungu wa gari, lilikuwa limelika mpaka nyuzi za waya zimetokeza kama mbavu za mbwa wa kuzurura.

Maneno yakatoka kipande kwa kipande, huku binti yangu akiyabeba kati yetu kama mtu anayehamisha kaa la moto. Kwamba matairi yote yanaliwa hivyo. Kwamba yanaliwa pasipoonekana, mpaka moja linapasuka akiwa njiani, kamba wanaoza juani. Kwamba amekwenda kuagua. Mwaguzi akamuuliza, "Yameanza lini?" Naye akajibu, "Tangu mwezi niliooa." Mwaguzi akafumba macho, akamwambia basi unaye mwenyewe nyumbani, mke wako ana nuksi. Mrudishe kwao siku arobaini.

"Na zikiisha arobaini?" nikauliza.

Binti yangu akanirudishia jibu. "Yakiwa yameendelea kuliwa, ati nuksi yangu imeshaganda kwenye gari, haitoki ila kwa talaka. Yakiwa hayajaliwa, ndiyo imethibitika nilikuwa mimi."

Ebo! Nikarudia kichwani taratibu, maana nilidhani nimesikia vibaya. Yakilika, ni yeye. Yasipolika, ni yeye. Mwanangu amefungwa kamba huku na huku, na hakimu ni tairi.

Nilitamani kumrushia kile nilichoshika mkononi, nacho kilikuwa mwiko wenye uji. Adabu ikanishika. Nikavuta khanga. Gari likaondoka, likaacha vumbi, sanduku, binti, na lile tairi ukutani. Majirani wakabaki kulitazama kama maiti, kila mmoja akipita anauliza, "Ndilo hilo?" Ndilo. Ushahidi wa kwamba mwanangu ana mguu mbaya.

Siku ya pili yake nikalikalia. Nilikuwa nasuka mkeka, nikaona nisipoteze kigoda kilicholetwa bure. Katika kuhama hama nikalipapasa kwa kiganja, na hapo ndipo niliposhtuka. Ukipeleka mkono huku, laini. Ukiurudisha, linakukwaruza. Ni vile vile kama samaki: kuelekea mkiani mkono unateleza, kuelekea kichwani magamba yanakuinukia. Nikapapasa tena, nikapapasa tena. Kitu kinachotembea sawa hakiliki hivyo. Hili tairi lilikuwa linaburutwa upande huku linazunguka, kama mtoto anayevutwa mkono kwenda madrasa hataki.

Msije mkanidhania mjinga. Mimi kusoma nilijifunzia ngumbaro, darasa la watu wazima, kwenye daftari moja na mume wangu. Lakini marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kuunda mashua kule Mbwera, na ncha ya pili ya uzi wake nilikuwa nikiishika mimi. Uzi unavutwa kutoka omo mpaka tezi, mbele mpaka nyuma ya chombo, yeye anafumba jicho moja, na mimi huku nimeshika, jua kichwani, mtoto mgongoni. Chombo kikipinda kidogo tu, uzi unakwambia. Haubembelezi. Miaka yote ile nimejua kupinda kunafananaje, na nina wajukuu kumi na mmoja, wote miguu imenyooka, nimewakagua mwenyewe mmoja mmoja.

Nikamwambia binti yangu, "Gari la mumeo limepinda."

"Nilimwambia, mama. Nilimwambia zamani kwamba linavuta kushoto. Akasema mimi nimeliona wapi gari."

Haya. Mke hasikilizwi, mama mkwe haruhusiwi kusema. Siku zinakatika.

Nikajifunga, nikaenda barabarani kwa mtani wangu. Huyu alikuwa Mnyamwezi aliyehamia hapa kwetu Kibiti miaka mingi nyuma, akiziba pancha chini ya banda la makuti, na watu wa pwani na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukwambia lolote, msibani au harusini, na ukikasirika mwenye aibu ni wewe.

"Karibu, mtani," akaniambia akiwa kainama kwenye beseni la maji. "Nimesikia umerudishiwa mzigo. Ulipeleka mbovu?"

"Nimekuja kuona kama Mnyamwezi anayeziba matundu ya watu amepata cha kuziba la kinywa chake."

Akacheka. Nikamuuliza habari za lile gari jekundu. Akanyanyuka, akajifuta mikono.

"Mkwe wako nampindulia matairi kila mara. Nalitoa kwenye rimu, nalivalisha kinyume, kilichokuwa ndani kinakuwa nje. Halafu na upande huo nao unaliwa. Nilimwambia, bwana, gari hili linataka alaimenti, magurudumu hayasimami sawa. Akanijibu mimi ni fundi pancha, nizibe pancha."

"Tangu lini yanaliwa?"

"Tangu alipokata springi."

"Springi gani?"

"Za gari, mtani! Alizikatisha Dar. Kulikuwa na harusi, si unajua, akataka liingie kwenu limeinama zaidi, vijana wapige miluzi. Gari limekatwa miguu, halafu linabebeshwa barafu. Unadhani litasimamaje?"

Nilikaa chini. Nusura iwe kwenye beseni la maji. Mwezi aliooa! Mwaguzi aliuliza mwezi, akajibiwa mwezi, na hakuna hata mmoja kati ya wale wanaume wawili aliyeuliza ni kitu gani kingine kilifanyika mwezi huo. Alikata springi kwa ajili ya harusi, kisha akamshitaki bibi harusi.

"Kesho anapita?" nikauliza.

"Anapita na kamba, adhuhuri, kujaza upepo."

"Nitakuwepo."

Nikaenda na uzi wa marehemu, nilioutoa kwenye kisanduku chake cha kazi, na jiwe la kufungia. Mchana ule barabara ilikuwa imejaa wauza machungwa na korosho wanaongoja mabasi, kwa hiyo watazamaji hawakuwa haba. Gari likaja, linanguruma, maji ya barafu yanadondoka nyuma. Mkwe wangu akashuka. Akaniona. Akanipa mgongo. Mimi nikavuta khanga mpaka puani, nikachutama mbele ya gurudumu lake la nyuma.

Adabu inakataza kusema na mkwe. Haikatazi kusema na tairi.

"Wewe tairi," nikasema kwa sauti ya kufika kwa wauza korosho, "hebu nieleze. Nani anakutafuna?"

Mtani wangu hakuhitaji kufundishwa. Akabana pua, akajibu kwa sauti nyembamba, "Bibi, mimi sina adui! Nimesimamishwa upande, mwili mzima nimeuegemeza kwenye ukingo mmoja, halafu naambiwa kimbia!"

Wauza machungwa wakasogea.

"Na mke wa bwana wako hakurogi?"

"Huyo hata kunigusa hajanigusa! Kikalio chenyewe cha nyuma kimejaa kamba, angekaa wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mkwe wangu akauambia mnazi uliokuwa mbele yake, "Mwambieni mama gari hii imetengenezwa na Wajapani. Haipimwi kwa uzi wa mtumbwi."

"Mwambieni mkwe wangu," nikamwambia yule yule mnazi, "Mjapani hakumtuma kukata springi."

Mimi nikaendelea na kazi. Nikafunga jiwe kwenye uzi, nikaushika juu ya gurudumu nikaliacha jiwe lining'inie mpaka likatulia. Chini tairi lilikuwa linagusa uzi. Juu, kati ya uzi na tairi, nikapitisha vidole vitatu bila kubana. Gurudumu zima limeinamia ndani kwa juu na kupanuka kwa chini, kama punda aliyeelemewa anavyotanua miguu asianguke. Nikawaita watu waje wapitishe vidole vyao. Wakapitisha. Mama mmoja muuza korosho alipitisha mara mbili.

"Teremsheni masanduku," nikasema.

Wakateremsha. Gari likanyanyuka matako, nafasi ikapungua ikawa kidole kimoja. "Pakieni." Wakapakia. Likachuchumaa, vidole vitatu vikapita tena. Kisha mtani akashika ncha moja ya uzi na mimi nyingine, tukauvuta ubavuni kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele. Uzi uligusa tairi la mbele kwa ukingo wa mbele tu. Ule wa nyuma ulikuwa umejitenga, tairi linatazama porini wakati gari linakwenda mjini. Na la upande wa pili likatazama pori lake. Hapo ndipo yalipotoka yale magamba ya samaki niliyoyapapasa.

Kila mtu akaona. Hata dereva wa lori aliyekuwa amesimama alishuka akatikisa kichwa. Nikadhani yameisha. Mkwe wangu akaudokeza mnazi wake, "Mwambieni mama, sawa, inawezekana gari ina kasoro. Lakini hiyo haimaanishi nuksi haipo."

Kha! Sijui nilisimama saa ngapi. Najua nilijikuta nimesimama, khanga imenidondoka mabegani, na ninamwangalia mkwe wangu machoni, mtu ambaye sikuwahi kujua macho yake yakoje. Yalikuwa ya mtoto aliyevunja chungu.

"Baba," nikamwambia mwenyewe, bila mnazi, bila mtani, "mwezi uliomwoa mwanangu ndio mwezi uliokata springi. Vitu viwili umevifanya mwenyewe, kwa mkono wako. Kimoja kimeharibu matairi. Ukaacha chuma ukamkamata mtu. Kwa nini? Kwa sababu chuma kingerudisha lawama kwako."

Mkwe wangu akageuza uso kwanza, akafungua mlango.

Akaingia kwenye gari akaondoka. Na mnajua Kibiti walizungumza nini juma zima? Siyo springi. Siyo kwamba binti wa watu amesingiziwa. Walizungumza kwamba yule bibi amemkodolea mkwe wake macho barabarani, kichwa wazi. Msikitini, kisimani, kwenye kinu, habari ni khanga yangu. Shangazi yake binti alinijia kwa miguu kutoka kijijini kwake, akanywa chai yangu, akaniambia nimeivunja ndoa niliyokwenda kuitengeneza. Kwa wiki nzima sikulala vizuri, nikijua inawezekana amesema kweli. Mtu akiaibishwa hadharani anaweza kuandika talaka ili tu aonekane ana kalamu.

Zikapita siku. Mtani akaniletea habari: mkwe kaenda Dar, kanunua springi zilizotoka kwenye gari la namna ile ile lililogongwa, ndefu. Kazifunga. Wamelala chini ya gari yeye na fundi, wakafungua nati za zile fito zinazoshika magurudumu ya mbele, wakavuta uzi, wakakaza, wakavuta tena, mpaka ukagusa pande zote mbili. Masanduku ya barafu sasa anapanda nayo kwenye pikapu ya kukodi. Na kijiweni, mtani akasema, anawaeleza watu jinsi alivyogundua tatizo mwenyewe.

"Mwenyewe!" nikasema.

"Mwenyewe, mtani. Anasema alisikia tu mkononi, kwenye usukani."

Nikacheka kwa hasira mpaka nikakohoa.

Zilikuwa zimebaki siku chache kutimia arobaini. Mkwe wangu akaja. Honi nje, pii pii, kama anaita abiria. Binti yangu alikuwa anapepeta mchele. Hakunyanyuka.

"Imenyooka," akasema mlangoni.

"Alhamdulillahi," binti akajibu, ungo unapanda unashuka.

"Twende basi."

"Nimefurahi gari limepona. Mimi sikuwa mgonjwa."

"Unataka nini sasa? Nimekuja kukuchukua."

"Ulinishusha hapa mchana kweupe, na tairi, majirani wanaona. Ukaliegemeza kwenye ukuta wa mama yangu. Rudi mchana kweupe, uwaambie wale wale ni nani aliyeharibu matairi yako. Na usije na hilo gari. Sitaki waangalie gari, nataka wakuangalie wewe."

Akageuka akaondoka kwa mwendo uliorusha mchanga mpaka jikoni.

Jamani, nilimgeukia yule mtoto! Nilimwambia mimi nimejivua khanga barabarani kwa ajili yake, nimesemwa mpaka kwa shangazi yake, mume amerudi kwa miguu yake, naye anamfukuza kwa ajili ya neno! "Ukipewa talaka usinililie!" Akaniangalia, akaendelea kupepeta. "Mama," akasema, "nikirudi hivi hivi, kitu kingine kikiharibika nitaletwa tena. Safari ijayo atakuja na injini." Niliingia ndani nikafunga mlango, na kwa kweli niliomba Mungu ampunguzie mtoto yule kichwa kigumu, nikijua amekirithi wapi.

Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, baada ya swala ya adhuhuri, nikamwona anakuja kwa miguu, kanzu imeshika jasho, mtani wangu nyuma yake. Majirani hawakuitwa. Walikuja wenyewe, wawili, watatu, uani pakajaa.

Akasimama. Akatazama chini. "Ile habari ya matairi," akasema kwa sauti ya mbu, "haikuwa yeye."

"Hatujasikia huku nyuma!" mtani akapiga kelele. "Na mimi nimekuja mbali, kutoka Tabora!"

"Haikuwa yeye!" akasema kwa nguvu. "Nilikata springi mwenyewe, nikapakia mzigo mwenyewe. Nimemsingizia mke wangu. Naomba anisamehe, na mama anisamehe."

Hakuna aliyecheka. Binti yangu aliweka ungo chini, akanawa mikono polepole, kidole kimoja kimoja, akaingia ndani. Akatoka na sanduku lake la bati, akaliweka miguuni pa mumewe. Yeye akalitazama, akatazama njia aliyokuja nayo, ndefu na jua lake. Kisha akainama, akajitwisha. Wakatoka, yeye mbele na sanduku kichwani, mke wake nyuma mikono mitupu, anatembea kwa mwendo wake. Hakumharakisha.